Uzito wa mti hutoka wapi ikiwa udongo haupungui?

Mdadisi ameuliza:

Salamu kwenu wanajukwaa. Nimeanza kujisomea misingi ya biolojia nikiwa mtu mzima, na nimekwama kwenye jambo ambalo kila kitabu hulipita haraka kana kwamba limekwisha kueleweka. Tunaambiwa kwamba mmea hujitengenezea chakula kwa usanisinuru, kwa kutumia mwanga, maji na kabonidayoksaidi. Papo hapo tunaambiwa kwamba mizizi hufyonza virutubisho kutoka udongoni, na kwamba mmea usiopata virutubisho hivyo hudumaa. Mti uliokomaa huwa na uzito wa tani kadhaa, nao ulianza kama mbegu inayoweza kupotea kiganjani. Ikiwa uzito huo ulitoka ardhini, mbona hakuna shimo chini ya kila mti? Ikiwa ulitoka kwenye mwanga, mwanga hugeukaje kuwa mbao? Na ikiwa ulitoka hewani, naona vigumu kuamini, kwa sababu kabonidayoksaidi ni sehemu ndogo mno ya hewa.

Swali la pili linafungamana na hilo. Nimesoma kwamba mimea hufanya usanisinuru mchana na kupumua usiku, kana kwamba kazi hizo mbili zinapokezana zamu. Je, ndivyo ilivyo? Na kama mmea huunguza kile ulichokitengeneza wenyewe, faida hubaki wapi? Naomba maelezo yenye hoja, kwa maana kanuni ya kemia ninayo tayari na haijanisaidia.

Mizani amejibu:

Ndugu Mdadisi, kati ya hayo matatu uliyoyataja, lile unaloona gumu kuliamini ndilo jibu. Sehemu kubwa mno ya uzito mkavu wa mti, yaani uzito unaobaki baada ya maji yote kukaushwa, ilitoka hewani. Usilikubali kwa sababu nimelisema mimi. Tulifuate kama walivyolifuata waliolitafuta kwanza.

Swali lako la shimo chini ya mti liliwahi kupimwa kwa mizani na Jan Baptist van Helmont, tabibu na mkemia wa Brussels aliyefariki mwaka 1644. Alikausha udongo, akapima ratili 200 (ratili moja ni karibu nusu kilo), akautia chunguni, akapanda humo mwerebi mchanga wenye uzito wa ratili 5, na kwa miaka mitano hakuupa kitu ila maji ya mvua au yaliyokenekwa. Mwishoni mti ulikuwa na ratili 169 na wakia 3 hivi, ilhali udongo ulipokaushwa tena ulikuwa umepungua kwa takriban wakia mbili tu. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1648, baada ya kifo chake. Alihitimisha kwamba mti mzima, mbao, magome na mizizi, ulitokana na maji peke yake. Nusu ya kwanza ya hoja yake ni imara hadi leo: udongo si chanzo kikuu cha uzito. Nusu ya pili haikufuata, kwa sababu kulikuwa na kitu kingine kilichougusa mti huo miaka yote mitano bila kupimwa, nacho ni hewa. Kinachonishangaza kila mara ni kwamba van Helmont huyohuyo alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kutambua kwamba gesi itokayo kwenye mkaa unaoungua ni kitu tofauti na hewa ya kawaida. Aliiona ikitoka kwenye mkaa, wala hakuwaza kwamba huenda ndiyo iliyokuwa imeingia mtini.

Hatua zilizofuata zilikuja moja moja. Mwaka 1771, huko Uingereza, Joseph Priestley aliweka tawi dogo la mnanaa ndani ya chombo kilichofunikwa ambamo mshumaa ulikuwa umewaka hadi ukazimika, na baada ya siku kumi mshumaa mwingine uliweza kuwaka humo. Mwaka 1779 Jan Ingenhousz alionyesha kwamba jambo hilo hutokea mwangani tu na katika sehemu za kijani tu. Gizani mmea huiharibu hewa kama afanyavyo mnyama. (Neno hilo la mwisho linagusa swali lako la pili, nami nawaachia wengine walijibu.) Mwaka 1782 Jean Senebier alionyesha kwamba pasipo kabonidayoksaidi majani hayatoi oksijeni, na mwaka 1804 Nicolas-Théodore de Saussure, aliyepima mimea pamoja na gesi zake ndani ya vyombo vilivyofungwa, aliona kwamba uzito ulioongezeka ulizidi ule wa kaboni iliyotoka hewani. Kwa hiyo maji nayo yalikuwa yamekuwa sehemu ya mwili wa mmea, mbali na kuulowesha tu.

Sasa ichukue ile kanuni uliyo nayo uigeuze kuwa uzito. Molekuli sita za kabonidayoksaidi na sita za maji hutoa molekuli moja ya glukosi na sita za oksijeni. Kwa gramu, 264 za kabonidayoksaidi na 108 za maji hutoa 180 za glukosi na 192 za oksijeni. Kila upande una jumla ya 372, hakuna kilichopotea wala kilichozuka. Lakini katika gramu hizo 180 za glukosi, zipi ni za hewa na zipi ni za maji? Kanuni yenyewe haisemi, kwa sababu oksijeni inayotolewa ingeweza kuwa imetoka upande wowote. Jibu lilipatikana mwaka 1941, pale Samuel Ruben, Martin Kamen na wenzao, huko Marekani, walipoupa mwani maji yenye oksijeni nzito, ile isotopu ya 18 (oksijeni ileile, ila yenye atomu nzito zaidi zinazoweza kutambuliwa), wakaona kwamba oksijeni inayotolewa hufuata ile ya maji, wala haifuati ile ya kabonidayoksaidi. Maana yake ni kwamba kaboni yote na oksijeni yote iliyomo ndani ya glukosi ilitoka kwenye kabonidayoksaidi, na maji yalichangia haidrojeni peke yake. Katika gramu zile 180, basi, 72 za kaboni na 96 za oksijeni zilitoka hewani, na 12 za haidrojeni zilitoka kwenye maji. Zaidi ya asilimia 93 ya sukari hiyo ilikuwa gesi.

Kuhusu uhaba, umesema kweli. Kabonidayoksaidi ni takriban asilimia 0.04 ya hewa, na mita moja ya ujazo wa hewa ina kaboni yapata gramu 0.2 tu, kwa hiyo gramu zile 72 zinadai kaboni ya mita za ujazo zaidi ya 300. Hata hivyo, mmea hauhitaji kuivuta hewa hiyo kama mapafu yanavyofanya. Ndani ya jani kabonidayoksaidi huondolewa mfululizo, hivyo humo huwa haba kuliko nje, na molekuli husambaa zenyewe kutoka penye wingi kwenda penye uhaba kupitia vitundu vidogo viitwavyo stomata, huku upepo ukileta hewa nyingine. Gharama yake ni kwamba vitundu hivyohivyo hupitisha mvuke kwenda nje. Ndiyo maana mmea hunyonya maji mengi kupita kiasi kinachoingia katika sukari. Sehemu kubwa sana ya maji hayo huishia hewani.

Limebaki la mwanga. Mwanga haugeuki kuwa mbao. Kazi yake ni kutoa nishati ya kupasua molekuli za maji na kuziunganisha haidrojeni zake na kaboni, jambo ambalo lisingetokea lenyewe. Hapa ndipo vitabu vingi vya utangulizi, kwa maoni yangu, hupotosha bila kukusudia: huorodhesha mwanga, maji na kabonidayoksaidi chini ya kichwa kimoja cha mahitaji, na msomaji hudhani vitu vitatu vinachanganywa kama viungo vya chungu kimoja. Maada na nishati zihesabiwe kila moja peke yake. Ukiuliza uzito ulitoka wapi, tafuta atomu; ukiuliza nguvu ya kuzipanga atomu hizo ilitoka wapi, hapo ndipo mwanga unapoingia.

Jembe_Kali amejibu:

Naiheshimu hesabu ya Ndugu Mizani na sina la kuipinga kwa tarakimu, lakini naona ameusukuma udongo pembeni kuliko inavyostahili. Mtu yeyote aliyewahi kulima anaijua ardhi iliyochoka: mimea hutoka ya manjano, mifupi, yenye majani membamba, na hali hewa ni ileile, mvua ni ileile na jua ni lilelile. Ukiweka mbolea yenye naitrojeni kidogo tu, mimea hubadilika rangi na kuongezeka mwili kwa kiasi ambacho hakilingani hata kidogo na uzito wa mbolea uliyoiweka. Ikiwa mwili wa mmea ni hewa iliyogandishwa, kwa nini mmea usiendelee kula hewa hata udongo ukiwa maskini? Naomba hili lijibiwe, maana msomaji mgeni anaweza kuondoka hapa akidhani udongo ni wa kusimamisha mti tu.

Kiini_cha_Seli amejibu:

Ndugu Jembe_Kali, hicho ulichokiona, kwamba mmea huongezeka kwa uzito usiolingana na ule wa mbolea, ni ushahidi wa upande wa Mizani. Kama mbolea ingekuwa ndiyo inayogeuka kuwa mwili wa mmea, ongezeko lisingeweza kuzidi kiasi kilichowekwa. Kwa kuwa linazidi mara nyingi, basi mbolea inafanya kazi nyingine, na kazi hiyo inafaa kuelezwa kwa makini.

Uzito mkavu wa mmea wa kawaida una kaboni takriban asilimia 45, oksijeni takriban asilimia 45 na haidrojeni takriban asilimia 6. Yaliyobaki yote, yaani naitrojeni, potasiamu, kalsiamu, magnesi, fosforasi, salfa na mengineyo, ni asilimia chache tu kwa jumla. Uchache huo hauna maana ya udogo wa umuhimu. Naitrojeni imo katika kila protini na katika DNA. Fosforasi imo katika DNA na katika ATP, molekuli inayobeba nishati ndani ya seli. Na katikati ya kila molekuli ya klorofili, ile rangi ya kijani inayonasa mwanga, pana atomu moja ya magnesi. Kimeng'enya (protini inayoendesha mmenyuko wa kemia) kinachoikamata kabonidayoksaidi, kiitwacho rubisko, hufanya kazi polepole mno, kikikamata molekuli chache tu kwa sekunde, na kwa sababu hiyo jani hulazimika kuwa nacho kwa wingi: katika mimea mingi kinaweza kufikia hata nusu ya protini yote inayoyeyuka ndani ya jani. Mmea ukikosa naitrojeni hukosa rubisko na klorofili, hivyo hukosa vyombo vya kuikamatia kaboni, hata kama kaboni hiyo inaugusa mchana kutwa. Ndiyo sababu ya ile rangi ya manjano uliyoitaja. Udongo hutoa vyombo, na hewa hutoa malighafi.

Kuna njia mbili nyepesi za kulithibitisha hili. Kuni kavu zikiungua kabisa huacha majivu ambayo kwa kawaida ni takriban asilimia 1 ya uzito wake. Majivu hayo ndiyo madini yaliyotoka ardhini, na kaboni karibu yote imerudi hewani ilikotoka. Njia ya pili ni kilimo kisichotumia udongo, ambamo mizizi hukaa ndani ya maji yenye madini yaliyopimwa na mmea hukua hadi kuzaa. Hata mimea inayonasa wadudu, ambayo watu hudhani imeacha usanisinuru na kuwa walaji, ni ya kijani na hutegemea mwanga kama mingine. Huwanasa wadudu kwa ajili ya naitrojeni na fosforasi, kwa kuwa huota mahali ambapo udongo una madini hayo kidogo sana. Naitrojeni ni jambo la kusikitisha kidogo, kwani ni asilimia 78 ya hewa, lakini mmea hauwezi kuitumia ikiwa katika hali hiyo; husubiri bakteria waibadilishe, wakiwamo wale wanaoishi katika vinundu vya mizizi ya mimea ya jamii ya kunde.

Nikirudi kwa swali la pili la Mdadisi: hakuna zamu. Kila seli hai ya mmea hupumua usiku na mchana, kwa maana ya kuvunja sukari kwa oksijeni ndani ya mitokondria (sehemu ndogo za seli zinazofanya kazi hiyo) na kutoa kabonidayoksaidi, maji na ATP. Kinachosimama gizani ni usanisinuru peke yake. Mchana mwangaza ukiwa mkali, usanisinuru huizidi sana kasi ya upumuaji, kwa hiyo ukipima gesi nje ya jani utaona oksijeni tu ikitoka na kabonidayoksaidi tu ikiingia, nawe utadhani upumuaji umesimama. Mwanga unapofifia hufika kiwango ambapo kasi hizo mbili zinalingana, na jani huonekana halitoi wala haliingizi chochote, ingawa ndani yake kazi zote mbili zinaendelea. Mizizi, ambayo haina klorofili wala haioni jua, haijawahi kufanya kitu kingine ila kupumua. Ndiyo maana mimea mingi hufa udongo wake ukijaa maji kwa muda mrefu, kwa sababu oksijeni haifiki mizizini kwa kasi inayotosha.

Faida hubaki wapi? Kwa makadirio ya jumla, takriban nusu ya kaboni inayokamatwa na mimea huunguzwa na mimea yenyewe. Nusu inayobaki ndiyo selulosi, lignini, wanga, mafuta na mbegu, yaani kila kitu unachokiona na kila kitu anachokula mnyama. Huenda ukauliza kwa nini mmea usitumie moja kwa moja ATP inayotengenezwa ndani ya kloroplasti, zile sehemu za seli zenye klorofili, wakati wa mwanga. ATP hiyo karibu yote hutumika palepale kujengea sukari, na haiwezi kuwekwa akiba wala kusafirishwa hadi mizizini. Sukari huwezekana kusafirishwa, na wanga huwezekana kuwekwa akiba kwa miezi.

Ukitaka kuuona upumuaji ukiwa peke yake, otesha maharage gizani kabisa. Miche hurefuka na uzito wake mbichi huongezeka, lakini ukiikausha utakuta ni myepesi kuliko mbegu kavu ulizoanza nazo. Urefu wote ule umelipiwa kwa akiba ya mbegu, na sehemu ya akiba hiyo imeondoka ikiwa gesi. Wanadamu hupungua uzito kwa njia hiyohiyo: kilo 10 za mafuta ya mwili zikiunguzwa kabisa, kilo 8.4 hivi kati yake hutoka zikiwa ndani ya kabonidayoksaidi na kilo 1.6 hivi zikiwa ndani ya maji, ingawa wengi hudhani mafuta hayo yamegeuka kuwa joto au jasho.

Mdadisi ameandika:

Nimeyasoma majibu yote mara kadhaa, na ule mgawanyo wa gramu 168 za hewa (72 na 96) na 12 za maji umenifungulia mlango. Nina swali moja la kujipima. Tuseme nimechukua chupa kubwa ya kioo ya lita 10, nikatia udongo mbichi kidogo na mche mmoja, nikaifunga isipitishe hata hewa, nikaiweka juu ya mizani kwenye mwanga. Mche ukikua, mizani itaonyesha ongezeko lolote? Nadhani jibu ni hapana, lakini nataka kusikia sababu kutoka kwenu.

Nukta_Moja amejibu:

Hapana, kwa sababu hakuna atomu iliyoingia wala iliyotoka. Kwa wapenda ubishi tu: fizikia inasema nishati iliyohifadhiwa nayo ina uzito wake, na glukosi ile ya gramu 180 pamoja na oksijeni yake hubeba nishati ya takriban kilojuli 2,800 zaidi ya maji na kabonidayoksaidi zilikotoka. Ukiigawa kwa mraba wa kasi ya mwanga utapata gramu 0.00000003. Mizani ya kawaida haitaliona hilo, na mtahini wa biolojia hatakuuliza.

Mizani amejibu:

Naongeza jambo moja, kwa kuwa chupa yako ina siri ambayo swali halijaigusa. Hewa ya lita 10 ina mililita 4 hivi za kabonidayoksaidi, zenye kaboni takriban miligramu 2, ambayo inatosha kutengeneza sukari yapata miligramu 5. Kwa hewa hiyo peke yake mche ungesimama kukua karibu mara moja. Hata hivyo, chupa za namna hiyo hukaa na mimea hai kwa muda mrefu, nayo huongezeka majani.

Sababu ni ule udongo mbichi. Ndani yake mna mabaki ya mimea iliyooza, na mna bakteria na kuvu wanaoyala mabaki hayo, wakipumua kama viumbe wengine na kutoa kabonidayoksaidi usiku na mchana. Mche huikamata gesi hiyo na kurudisha oksijeni ambayo bakteria na kuvu wanaihitaji. Kwa hiyo ukiifungua chupa baada ya mwaka na kupima kila kitu kikiwa kikavu, utakuta mmea umeongezeka na safari hii udongo umepungua kweli, kwa kiasi kinachoonekana. Lakini kaboni iliyotoka udongoni haikupitia mizizini. Ilipanda kwanza kuwa gesi, ikaingia kwenye mmea kupitia stomata. Ukirudia jaribio kwa udongo uliochomwa hadi mabaki yote yakaisha na vijidudu vyote vikafa, ukabakiza madini yake na maji, mche utakuwa na kila kitu ambacho mizizi inahitaji, na bado hautaongeza zaidi ya zile miligramu chache.